Darubini, chupa ya mkojo na Senati ya wataalamu: uanze na Pirandello, Svevo au Mantegazza?

Ukiingia katika fasihi ya Italia ya kati ya 1880 na 1925 ukitafuta vitabu vya kuchekesha, utakuta wanasayansi kila kona. Mhusika mmoja anamlaani Copernicus, mwanaastronomia aliyesema kuwa dunia ndiyo inayolizunguka jua. Wa pili anaanza kuchechemea kwa sababu tu ameambiwa idadi ya misuli inayofanya kazi mtu anapopiga hatua. Wa tatu anavuka nusu ya dunia na mpenzi wake kwenda kuomba kibali cha wataalamu ili wapate kuzaa. Msomaji mgeni hujiuliza: sayansi yote hii imeingiaje kwenye ucheshi, na mimi nianze na kitabu kipi?

Makala haya yanalinganisha vitabu vitatu. *Il fu Mattia Pascal* cha Luigi Pirandello kilitoka mwaka 1904. *La coscienza di Zeno* cha Italo Svevo ni cha 1923, lakini mawazo yake yalianza kuiva tangu riwaya yake ya kwanza ya 1892. *L'anno 3000* cha Paolo Mantegazza ni cha 1897. Vyote vinapatikana kwa Kiingereza, na kwa anayesoma Kitaliano matini zake asilia ziko huru mtandaoni, maana waandishi wote wamefariki zamani.

Sayansi ilivyofika sebuleni

Italia ilipoungana mwaka 1861, robo tatu ya watu wake hivi hawakujua kusoma. Kufikia 1901 waliobaki hivyo walikuwa karibu nusu. Katikati hapo pakazaliwa soko la msomaji mpya: karani, mwalimu, mfamasia, mke wa wakili. Wachapishaji wa Milano walilichangamkia. Treves na Sonzogno walitoa vitabu vya bei nafuu vya elimu, na Hoepli akaanza kutoa miongozo yake midogo mwaka 1875. Michele Lessona, aliyemtafsiri Darwin, aliandika *Volere è potere* mwaka 1869 kuwaonyesha vijana kuwa bidii na elimu humwinua mtu. Padri Antonio Stoppani aliigeuza jiolojia kuwa mazungumzo ya jioni katika *Il Bel Paese*, mwaka 1876. Kutoka Ufaransa vikaja vitabu vya Camille Flammarion kuhusu nyota, vilivyoandikwa kwa lugha ya kishairi kiasi kwamba mtu angeweza kuvisoma kitandani.

Mwaka 1877 Giovanni Schiaparelli, akiwa kwenye kituo cha kutazamia nyota cha Brera mjini Milano, alichora mistari aliyoiona juu ya sayari ya Mirihi akaiita *canali*. Neno hilo kwa Kitaliano huweza kuwa mkondo wa asili au mfereji uliochimbwa. Wasomaji wengi walichagua mfereji, na mara wakawaona wachimbaji. Mwaka mmoja kabla yake daktari Cesare Lombroso alikuwa ametoa *L'uomo delinquente*, akidai kuwa mhalifu hutambulika kwa umbo la fuvu na masikio. Neno lake *mattoide*, yaani mtu aliye nusu mwerevu nusu mwendawazimu, likaingia mikahawani na magazetini.

Ndiyo maana mwandishi wa ucheshi hakuhitaji kumweleza msomaji darubini ni nini au fuvu la mhalifu linafananaje. Msomaji alikuwa nayo kichwani tayari, na kichekesho hakifiki kwa mtu ambaye kwanza lazima afundishwe.

Vigezo vyangu

Nimevipima vitabu hivi kwa maswali manne. Kimechota sayansi gani? Kicheko chake kinatoka wapi hasa? Ni kigumu kiasi gani kukisoma leo? Na kuna nini ndani yake kitakachokukwaza? Hili la mwisho nimeliweka kwa makusudi. Sayansi ya umma ya enzi hiyo iliwapanga watu kwa rangi na kwa damu, na msomaji wa Afrika ana haki ya kujua kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.

Kimechota sayansi gani

Pirandello alichota nyota. Mattia Pascal, mtunza maktaba wa mji mdogo, anaambiwa na rafiki yake Don Eligio aandike kisa chake. Anajibu kwamba Copernicus ameshaharibu kila kitu. Zamani, dunia ilipokuwa imetulia, mtu angeweza kuandika bila aibu kwamba Bwana fulani aliamka saa mbili na nusu kamili na Bibi fulani alivaa gauni la rangi ya zambarau. Sasa tunajua kuwa tumekaa juu ya pia ndogo inayozunguka bila sababu, basi gauni la Bibi lina maana gani? Kisha anataja "janga dogo" la visiwa vya Antilles, kama kwamba dunia ilichoka na wanadamu ikatema moto kidogo. Msomaji wa 1904 alikumbuka mara moja mlima Pelée wa Martinique, ulioua watu wapatao 28,000 Mei 1902. Neno hilo "dogo" linatisha, na ndilo linalobeba ukurasa mzima. Hivyo ndivyo dunia inavyoonekana kwa anayeitazama kutoka mbali mno.

Kuna sayansi nyingine pia ndani yake: sayansi ya mizimu. Usicheke haraka. Mwaka 1891 Lombroso mwenyewe alikwenda Napoli kumchunguza Eusapia Palladino, mwanamke aliyesifika kwa kuita roho, akarudi akiwa ameanza kuamini. Kwa hiyo Pirandello anapomweka mzee Anselmo Paleari, mwenye nyumba anayesoma vitabu vya theosofia, yaani mafundisho ya siri kuhusu roho, na kuita mizimu sebuleni, anachora mtu wa kawaida kabisa wa Roma ya siku zile.

Svevo alichota mwili na magonjwa yake, pamoja na Darwin. Jina lake halisi lilikuwa Ettore Schmitz. Alizaliwa Trieste mwaka 1861, mji uliokuwa chini ya Austria, akafanya kazi benki karibu miaka 20 kabla ya kuingia kiwanda cha rangi za meli cha wakwe zake. Mhusika wake Zeno Cosini anasoma habari za kila ugonjwa unaomgusa yeye au jirani yake. Shemeji yake Ada anapougua ugonjwa wa Basedow, ule wa tezi ya shingo unaomtoa mtu macho, Zeno anaunda nadharia ya binadamu wote. Tumepangwa, anasema, katika mstari mmoja: upande huu wanaounguza nguvu za uhai kwa kasi ya wazimu, upande ule ambao miili yao ni bahili hadi inalegea. Afya ni kituo tu cha kupita katikati. Hivi ndivyo anavyofikiri mtu aliyesoma kitabu kimoja kizuri cha tiba na kukiamini sana.

Mantegazza hakuchota popote, kwa kuwa yeye ndiye alikuwa kisima. Alikuwa daktari na mwanaanthropolojia, akaanzisha mjini Firenze mwaka 1869 makumbusho ya kwanza ya anthropolojia nchini, na kwa miaka mingi alitoa kalenda za usafi na afya kwa watu wa kawaida. *L'anno 3000* ni sauti hiyohiyo ya kalenda iliyovaa riwaya. Paolo na Maria wanaondoka Roma kwa chombo cha angani kwenda Andropoli, mji mkuu wa dunia nzima, chini ya milima ya Himalaya. Wameishi pamoja miaka mitano kwa mapenzi, na sasa wanataka Senati ya wataalamu iwaruhusu kupata watoto.

Kicheko kinatoka wapi

Hapa ndipo vitabu hivi vinapoachana kabisa, na kama una haraka, chagua kwa sehemu hii.

Cha Mantegazza ni kicheko cha anayejua. Anasimama mwaka 3000 akitutazama sisi wa karne ya 19 na uchafu wetu, vita vyetu, sheria zetu. Njiani wasafiri wake wanapita kisiwa cha majaribio ya siasa, ambako kila mji unaishi kwa mfumo wake: mmoja wa usawa kamili ambako tofauti yoyote ni kosa, mwingine wa bunge ambako watu husema tu. Ni tashtiti ya waziwazi. Unacheka, na unajua kila mara mwandishi yuko upande gani.

Cha Pirandello ni kigumu zaidi kukieleza, na yeye mwenyewe alijaribu katika insha yake *L'umorismo* ya 1908. Fikiria, anasema, bikizee aliyepaka nywele rangi, akajipodoa na kuvaa kama msichana. Unacheka kwa kuwa umetambua kinyume cha bibi anavyopaswa kuwa. Lakini ukifikiri kwamba labda anafanya hivyo akijitesa, akidhani atamshika mume wake aliye kijana, kicheko kinakwama kooni. Sasa hukitambui kinyume tu, unakihisi. Kwa Pirandello huko ndiko kwenye ucheshi wa kweli. Na katika insha hiyohiyo anasema kwamba Copernicus alikuwa mmoja wa wacheshi wakubwa bila kujua, kwa kuwa aliibomoa picha ya majivuno tuliyojichorea ulimwenguni. Darubini, anaeleza, ni chombo cha hatari: jicho linatazama upande mdogo na kuona makubwa, lakini roho inaruka kwenda upande wa pili, na dunia na fahari zake zote zinazama.

Nadhani hii ndiyo zawadi kubwa kuliko zote ambazo vitabu vya sayansi viliwapa wacheshi wa Italia. Havikuwapa vichekesho. Viliwapa umbali. Mattia anatoroka nyumbani, anashinda lira 82,000 kwenye kamari ya Monte Carlo, na akiwa ndani ya treni anasoma gazetini kwamba maiti iliyookotwa kwenye mfereji wa kinu imetambuliwa kuwa yeye. Yuko hai, tajiri, na hana jina. Anajiita Adriano Meis na kuishi Roma kama anayejitazama kwa darubini ile iliyogeuzwa. Anapoibiwa lira 12,000 hawezi kwenda polisi, maana marehemu hashtaki. (Kiswahili kinalitendea haki jina la kitabu: *il fu* ni neno la karatasi za serikali, na "Marehemu Mattia Pascal" inasikika kama hati ya mirathi, jambo ambalo mwandishi alilitaka.)

Svevo naye anakaribia mno badala ya kwenda mbali. Rafiki wa shule aitwaye Tullio, anayetembea kwa gongo, anamweleza Zeno kwamba mtu akitembea haraka, hatua moja huchukua nusu sekunde, na ndani ya nusu sekunde hiyo husogea misuli 54. Zeno anaanza kuisikiliza miguu yake, na kuanzia hapo anachechemea. Sijui ukurasa mwingine unaoonyesha kwa ufupi hivyo kinachotokea maarifa ya kitabuni yanapoingia kwenye mwili ambao ulikuwa ukijiendea salama. Baadaye daktari anaupima mkojo wake kwa kushuku kisukari, na Zeno anaupenda ugonjwa huo kwa moyo wote, kisha anahuzunika kemikali zinapoonyesha hana. Anavuta "sigara ya mwisho" maisha yake yote, kila mara akiandika tarehe nzuri ya kuachia, kama siku ya tisa ya mwezi wa tisa wa mwaka 1899. Kila tiba anaijaribu: umeme, kliniki ya kufungiwa, hatimaye uchunguzi wa nafsi kwa njia ya Freud. Daktari wake ndiye anayechapisha maungamo hayo, kwa kisasi, kwa kuwa mgonjwa ameacha matibabu.

Ugumu wa kusoma

Cha Mantegazza ni kifupi na lugha yake ni nyepesi, ya mwalimu. Wikendi inatosha. Udhaifu wake ni kwamba wahusika ni vitambulisho vinavyotembea; Maria anauliza, Paolo anaeleza.

*Mattia Pascal* kina sura 18 na kinakimbia. Kinaanza na dibaji mbili, ya pili ikiwa ile ya Copernicus, na wasomaji wengine huzipita. Usizipite. Sehemu inayohitaji subira ni ya Roma, hasa Mattia anapokaa gizani siku 40 baada ya kupasuliwa jicho huku Paleari akimpa falsafa yake ya taa ndogo: kwamba kila mtu amebeba kitaa chake cha rangi, na giza tunaloliogopa hutokana na mwanga huo mdogo wenyewe.

*Zeno* ndicho kirefu zaidi. Sura zake nane hazifuati miaka bali mambo: uvutaji, kifo cha baba, ndoa, kimada, biashara. Msimulizi haaminiki, na hilo linataka msomaji anayepima kila sentensi. Kitaliano chake kilinuka ofisi na Trieste, na wahakiki wa kwanza hawakukipenda. Mwandishi James Joyce, aliyemfundisha Svevo Kiingereza tangu 1907, ndiye aliyekitambua na kukipeleka kwa marafiki zake Paris. Jina lake nalo lina mtego: *coscienza* ni dhamiri na ni ufahamu, vyote viwili, na mfasiri wa Kiswahili atalazimika kuchagua kimoja akipoteze kingine.

Kitakachokukwaza

Nitasema wazi kuhusu *L'anno 3000*. Katika dunia hiyo safi, watoto wachanga hupimwa, na anayeonekana dhaifu huteketezwa kwa moto, mama akiwa ameridhia. Mwandishi hasiti. Mantegazza huyohuyo alichora miti ya kuwapanga binadamu ngazi kwa ngazi, wazungu juu. Lombroso naye alitoa kitabu kuhusu mzungu na mtu mweusi mwaka 1871, chenye mpangilio uleule. Sisemi usikisome. Kinaonyesha kuliko kitabu cha historia jinsi ukatili ulivyoweza kusemwa kwa uso wa tabasamu na koti jeupe. Lakini usimpe kijana bila kukaa naye.

Kwa Pirandello, wanawake hawatendewi haki sawa. Mama mkwe wa Mattia amechorwa kama zimwi, na mke wake hapewi nafasi ya kujieleza. Kwa Svevo, Zeno anamsaliti mkewe Augusta ukurasa baada ya ukurasa na kujisamehe kwa ufundi mkubwa; ukikerwa, umemwelewa. Ukurasa wa mwisho wa kitabu ni mzito pia: mtu mgonjwa kuliko wengine ataficha bomu lisilo na kifani katikati ya dunia, na dunia ikirudi kuwa wingu la gesi itaelea angani bila vimelea wala magonjwa. Ona kwamba Svevo, baada ya kukaa ndani ya misuli na mkojo kitabu kizima, anamalizia palepale Pirandello alipoanzia, akiitazama dunia kutoka nje.

Kuna wa nne ambaye nimemwacha nje ya ulinganisho kwa sababu ya lugha yake ngumu iliyochanganya Kilombardia na Kilatini. Carlo Dossi, mwanadiplomasia wa waziri mkuu Francesco Crispi, anayetajwa kuwa ndiye aliyependekeza jina la Eritrea, alichukua neno *mattoide* la Lombroso na kulitumia mwaka 1884 kuwachambua walioshindwa katika shindano la mnara wa Mfalme Vittorio Emanuele II, mchoro kwa mchoro, kana kwamba anapima mafuvu. Mwenye Kitaliano imara amtafute.

Uchukue kipi, kwa hali yako

Kama hujawahi kusoma Mwitaliano yeyote wa kipindi hiki na unataka kisa kinachokuvuta, anza na *Mattia Pascal*. Ukitaka kwanza kuonja, soma hadithi fupi ya Pirandello *Le sorprese della scienza*: mji wa Milocca hauna taa wala maji, kwa sababu kila mradi ukipendekezwa, madiwani husema sayansi itagundua kilicho bora zaidi kesho, kwa hiyo wangoje. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha halmashauri atawatambua.

Kama wewe ni daktari, muuguzi, mfamasia, au mtu anayetafuta dalili zake kwenye simu saa nane usiku, chukua *Zeno*, na ukipe mwezi mzima. Vivyo hivyo kwa anayejaribu kuacha sigara, ingawa siahidi kitakusaidia.

Mwalimu wa historia au wa fasihi anayefundisha hadithi za kubuni za kisayansi, au jinsi sayansi ilivyotumika kuwagawa watu, atapata mengi darasani kutoka *L'anno 3000*. Akioanishe na dibaji ya pili ya *Mattia Pascal*. Kurasa hizo chache, zilizoandikwa miaka saba tu baadaye, zinatosha kuwaonyesha wanafunzi maarifa yaleyale yakimfanya mmoja ajione mkubwa na mwingine ajione mdogo.

Kwa kikundi cha kusoma chenye watu wa ladha tofauti, chagueni *Zeno* mkubaliane kusoma sura ya uvutaji na ile ya kifo cha baba peke yake. Mzee anapoinua mkono katika pumzi zake za mwisho na kofi kumwangukia mwanawe shavuni, muulizane lilikuwa adhabu au mkono ulianguka tu. Zeno mwenyewe, pamoja na vitabu vyake vyote vya tiba, hakupata jibu.